Dodoso linaloondoka baada ya "sijambo"

Julai 2023 Zanzibar na India zilitia saini makubaliano ya kuleta hapa tawi la IIT Madras, la kwanza katika ukoo wa vyuo vya IIT, vyuo vikuu vya teknolojia vya India, kufunguliwa nje ya nchi hiyo, na kabla mwaka haujaisha wanafunzi walikuwa wameshaanza kusoma Bweleo. Tangu hapo barza zetu zimepata mchezo mpya, nao ni kulinganisha. Watoto wa Kihindi wanapenda hesabu, wetu wanapenda vyeti. Wazungu wanauliza maswali darasani, wetu wananyamaza. Ya barzani hayamdhuru mtu, yanakwisha na kahawa. Lakini mchezo huohuo umeingia vyuoni ukiwa umevaa kanzu ya utafiti. Mwisho wa muhula mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi anapewa dodoso, azungushie namba kati ya 1 na 5 kuonesha anavyoliona somo, kisha wastani wa majibu unawekwa kando ya wastani wa wanafunzi wa nchi nyingine na watu wanaanza kutoa hukumu. Nimekaa katika kikao kimoja cha namna hiyo. Wastani wetu ulikuwa juu. Nusu ya kikao ilifurahi kwamba tunafundisha vizuri. Nusu nyingine ikasema vijana wanadanganya, kwani walewale waliozungushia 5 ndio waliojaa kwenye orodha ya kusapu, ya kurudia mitihani.

Naona pande zote mbili zilikosea. Namba zile hazikuwa zinapima somo. Zilikuwa zinapima jinsi mtu alivyolelewa kujibu anapoulizwa hali, na zilikuwa zinapima ahadi aliyoingia nayo chuoni kuhusu uhandisi ni kitu gani. Ukiyaondoa hayo mawili, kinachobaki ni kidogo mno kumfanya mtu abadilishe mtaala, au amlaumu Mpemba kwa Upemba wake.

Tuanze na kujibu. Mswahili akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo", hata kama ametoka hospitali sasa hivi. Hadanganyi. "Sijambo" ni kufungua mlango, habari yenyewe inafuata: sijambo, ila mtoto homa haijamwachia. Ukimuuliza habari za nyumbani ni njema kwanza, msiba baadaye. Kila aliyekulia hapa anajua kwamba neno la kwanza ni adabu na neno lenye maana liko baada ya "ila". Dodoso halijui. Linauliza, linapokea "sijambo", linashukuru na kuondoka, na yule mtu bado hajafunga mdomo. Mwanafunzi mmoja kutoka Micheweni, Pemba, nilimwona amezungushia 5 tangu juu mpaka chini, hata pale palipoulizwa kama maabara ina vifaa vya kutosha, ilhali wiki mbili nyuma nilimkuta amesimama nyuma ya wenzake wanane akingoja zamu ya kifaa kimoja. Nikamuuliza. "Sasa maalim, nikamtie mtu aibu kwenye karatasi?" Kwake yeye lile lilikuwa swali la heshima, halikuwa swali la kuhesabu vifaa. Na kwa swali alilolisikia, alijibu sawasawa.

Kisha kuna maneno yenyewe. Madodoso mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na hata yakifasiriwa huja na roho yake ya kigeni. Chukua sentensi "somo lilikuwa na changamoto". Huko ilikotoka, kuikubali ni kusifu: somo lilinichemsha akili, nikatoka nimekua. Hapa kwetu changamoto limeshakuwa jina la heshima la tatizo. Mkubwa akisema sekta yake ina changamoto hakuna anayempigia makofi. Wanafunzi wa nchi mbili wanazungushia 4 kwenye mstari uleule, mmoja amesifu na mwingine ameshtaki, na kompyuta inawajumlisha pamoja. Au lile la "umeridhika na somo?" Kuridhika kwa mtoto aliyelelewa hapa ni sifa ya nafsi yake, ni kinaa, ni kushukuru ulichopewa kabla ya kuulizia kisichokuwepo. Asiyeridhika ana kasoro yeye. Ukimuuliza kijana kama ameridhika umemuuliza kama ana adabu, na hakuna atakayeandika kwamba hana.

Wala haya si ya Waswahili peke yao. Mitihani ya kimataifa ya hesabu, PISA na TIMSS, imekuwa ikionesha jambo hilohilo kwa upande wake wa pili. Wanafunzi wa Japani na Korea Kusini hupata alama za juu kabisa, lakini wakiulizwa kama wanajiona hodari wa hesabu au kama wanazipenda, hujibu kwa unyonge kuliko wenzao wa nchi nyingi zilizo chini yao. Ndani ya nchi moja anayejiamini ndiye anayefaulu, kwa kawaida. Ukiweka nchi na nchi, uhusiano unapinduka. Sababu moja inayotajwa sana na wataalamu ni kwamba mtu hujipima na jirani yake, hajipimi na dunia. Mtoto wa Tokyo anajiona dhaifu kwa kuwa anamtazama aliyekaa naye dawati moja. Wa Wete anajiona hodari kwa kuwa ndiye pekee aliyevuka kidato cha sita na Fizikia, Kemia na Hesabu katika mtaa wao. Wote wawili wamesema kweli. Anayechukua majibu yao akayaweka kwenye jedwali moja ndiye aliyepotea, sawa na aliyepima kitambaa kimoja kwa mkono wa mtu mzima na kingine kwa mkono wa mtoto.

Hilo la ahadi ndilo zito zaidi, na ndilo linalosahauliwa. Mwaka wa kwanza wa uhandisi, karibu popote duniani, hauna uhandisi mwingi ndani yake. Una kalkulasi, vekta na matriki, una fizikia na mekanika, una uchoraji wa kihandisi na programu kidogo za kompyuta. Wa madaraja na wa umeme hukaa benchi moja wakikokotoa yaleyale. Ufaransa jambo hili wamelifikisha mbali: kijana anayetaka kuingia katika vyuo vyao vikubwa vya uhandisi hutumia miaka miwili katika madarasa ya maandalizi akila hesabu na fizikia, huku mtihani wa mchujo ukimsubiri mbele. Hana sababu ya kulalamika kwamba huo si uhandisi, kwani nchi iliyoanzisha École Polytechnique mwaka 1794 imeshamzoesha tangu yuko skuli kwamba mhandisi ni mtu wa hesabu kwanza. Ujerumani wana ahadi nyingine. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi afanye kazi karakanani kwa wiki kadhaa, kabla ya kuanza masomo au mapema ndani yake, apige tupa chuma mpaka viganja viote sugu. Aalborg huko Denmark, chuo kilichoanza 1974, mwanafunzi huingizwa kwenye kundi na kupewa tatizo la kulitatua tangu mwanzo, na hesabu humfuata kadiri tatizo linavyoidai. Dar es Salaam, kitivo cha uhandisi kilianzishwa 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na nadhani si bahati tu kwamba wanafunzi wake mpaka leo hupelekwa kwenye mafunzo ya vitendo likizo ya mwisho wa mwaka, hata wale wa mwaka wa kwanza. Kalkulasi ni ileile kote huko. Kinachotofautiana ni maneno aliyoambiwa mtu mlangoni, na mtu huhukumu alichokuta kwa kukilinganisha na alichoambiwa.

Sasa mtazame kijana wetu. Yeye uhandisi ameuona tangu mdogo, ila kwa jina la ufundi. Nungwi, pwani, jahazi linaundwa bila ya ramani hata moja. Mwanagenzi anashikishwa keekee, anavuta upinde kwenda na kurudi, anatoboa mbao mpaka bega limfe ganzi. Akishazoea anapewa pamba akalafati, azibe nafasi za mbao. Tezo ataishika baadaye, na kupanga mataruma, mbavu za chombo, juu ya mkuku ni kazi ya miaka mingi mbele, na ataipanga kwa jicho. Anaanza na kazi. Hesabu inamwingia mkononi bila ya kuitwa hesabu. Chuo kikuu kinamgeuzia mambo juu chini, hesabu kwanza na kazi baadaye, na hakuna anayemwambia kwamba njia imegeuzwa wala kwa nini. Nilikuwa na mwanafunzi wa ukoo wa mafundi wa vyombo, aliyeweza kulitazama tumbo la mashua akakuonesha bao litakalovuja. Katika uchoraji wa kihandisi alikuwa akifeli. Ukimwambia achore kitu kwa pande tatu, mbele, juu na ubavuni, anakaa akikitazama. "Maalim, si nimeshakijua, nakichora cha nini?" Ilinichukua muda kutambua kwamba lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Fundi anachora ili mtu mwingine, asiyekuwepo, akiunde kitu hichohicho. Kwao hakukuwahi kuwa na mtu asiyekuwepo.

Ongeza sababu walizoingia nazo. Wapo walioamua kusomea ujenzi baada ya tarehe 25 Disemba 2020, siku upande mmoja wa Beit-al-Ajaib ulipoporomoka, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 ambalo kila mtu ana picha mbele yake. Wapo walioamuliwa na mama zao, wanaokumbuka giza la miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika na Unguja nzima ikawa inanguruma majenereta: mwanangu wewe utasomea umeme. Kijana wa aina hii anaingia wiki ya kwanza akingoja kuambiwa ukuta wa mawe na chokaa unakufa vipi, anakuta ubao umejaa mishale. Nguvu F, pembe fulani, tafuta jumla. Mishale ileile ndiyo inayoeleza kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, kwa nini boriti ya mkoko haithubutu kuvuka zaidi ya kama mita tatu, na kunatokea nini maji yakizoea kuingia kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ukutani. Hakuna aliyemwambia. Anaandika kwenye dodoso "nadharia nyingi mno", nasi tunasoma "hawapendi hesabu".

Hapa ndipo hoja dhaifu kuliko zote hupenyezwa, nayo hupendwa kwa kuwa haimtaki mtu afanye lolote: tatizo ni utamaduni. Tumelelewa kukariri, tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, basi uhandisi utatushinda. Wanaoisema hoja hii hupenda kuegemea namba za Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1980, ambaye kutoka kwake tumepata zile alama za nani anamwogopa mkubwa na nani hamwogopi. Katika jedwali lake lililopanuliwa baadaye Tanzania haina mstari wake. Imefungwa kifurushi kimoja na Kenya, Ethiopia na Zambia, kikaitwa Afrika Mashariki. Mkaazi wa Chake Chake, mkulima wa nyanda za juu za Ethiopia na mchimba shaba wa Zambia wamepewa alama moja, tena alama iliyotoka kwa watu wachache wa ofisini ambao wala si wao. Halafu namba hiyo inachukuliwa kueleza kwa nini kijana wa Micheweni hakunyoosha mkono.

Na hilo la kukariri, aliyelisema hajapita karibu na chuo cha Qurani asubuhi. Kwanza hapana kimya hapo, watoto wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Pili, kila mtoto yuko pahala pake. Anakwenda mbele ya maalim kwa zamu yake, anasoma, anasahihishwa, na hapandi sura nyingine mpaka ya nyuma imenyooka. Mmoja yuko juzuu amma, mwenzake wa umri uleule kafika mbali, wala hakuna aliyefeli. Linganisha na chuo kikuu, ambako darasa zima linakwenda kwa mwendo wa mwalimu, na anayepata 40 anavuka kwenda kalkulasi ya pili akiwa na mapengo yake sitini mfukoni. Kama ningetakiwa kuchagua, kwa somo linalojengwa tofali juu ya tofali kama hesabu, ni utaratibu gani unaofaa, nisingechagua wa chuo kikuu. Utamaduni aliokuja nao mwanafunzi una jambo la kutufundisha hapa, ila tunautaja pale tu tunapotafuta wa kulaumiwa. Na kama kukariri kungekuwa kunazuia uhandisi, India, China na Korea Kusini, ambako lawama za kukariri husikika kila siku, zingekuwa hazijajenga hata daraja.

Ipo hoja nyingine yenye uzito, na siwezi kuipita. Inasema: hata tukirekebisha dodoso, tukaliandika kwa Kiswahili safi na kumsubiri mtu afike kwenye "ila" yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua nini? Hajui atakachohitaji akiwa kazini. Hili ni kweli zaidi ya wengi wanavyodhani. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Harvard katika madarasa ya mwanzo ya fizikia. Wanafunzi waliofundishwa kwa kufanya wenyewe, kwa makundi na kukwama na kukwamuka, walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara ulionyooka. Lakini walipoulizwa, walisema wamejifunza kidogo. Jasho lao wenyewe liliwafanya wadhani kuna kasoro. Na hao ni wanafunzi wa nchi ambayo tunaambiwa imezoea kusema ukweli wake bila ya kupepesa. Basi mwalimu mzuri anaweza kupata namba mbaya kwa uzuri wake, na mcheshi anayetoa madesa yaliyokamilika akapata 5 kila mstari. Nakubali. Lakini kinachofuata hapo ni kwamba dodoso lisitumike kupima ubora wa somo, haifuati kwamba mwanafunzi asisikilizwe. Yeye hajui anachohitaji kujua, ila hakuna anayejua kuliko yeye amekwama wapi, alidhani anakuja kukuta nini, na kwa nini Jumatano hakuja.

Kwa hiyo kama chuo kinataka kweli kujua wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wanaonaje, na chuo chenye watu wa nchi mbalimbali darasa moja kinalihitaji hilo zaidi, kiache kuwalinganisha na kianze kuwauliza mapema. Wiki ya kwanza, kabla hawajasikia chochote: mhandisi hufanya nini, na wewe unadhani mwaka huu utafanya nini? Majibu hayo yanaeleza zaidi kuliko dodoso la mwisho wa muhula, kwani ndani yake mna ahadi zote, za mama, za fundi wa Nungwi, za video za simu. Mhindi aliyepambana na mtihani wa kuingilia utakuta anategemea vita viendelee. Wetu utakuta anategemea kushika kitu. Ukishajua hivyo, kuipeleka mishale ya ubaoni kwenye boriti za Mji Mkongwe hakuhitaji fedha za wafadhili, ni mwendo wa daladala na mwalimu aliye tayari kutoka jua. Mwanafunzi alinganishwe na alivyosema mwenyewe wiki ya kwanza. Hiyo ndiyo tofauti yenye habari ndani yake, na haipatikani kwa kumweka kando ya mtu wa Chennai, huko kwenye IIT Madras yenyewe. Na sina imani na mpango wowote wa kurekebisha mtaala wa uhandisi unaoanza na grafu ya wastani. Nimeona rangi zake nzuri na nimeona pia hakuna aliyeuliza wale wa 5 walimaanisha nini.

Muhula mmoja, baada ya kuchoka, niliacha dodoso nikagawa karatasi tupu. Juu niliandika maneno mawili, "Sijambo, ila", nikawaachia ukurasa. Wengine walicheka. Wote waliandika, na wengine waligeuza nyuma. Mengi niliyategemea: kifaa kimoja watu tisa, Kiingereza cha kitabu, pesa za mkopo kuchelewa. Moja sikulitegemea. Wasichana wanne, kila mmoja kwa mwandiko wake, waliandika habari ya gari za shamba. Kipindi cha karakana kilikuwa cha mwisho, kinaisha karibu na magharibi, na dakhalia, bwenini, hawakupata nafasi. Anayekaa Makunduchi akingoja mpaka kufuta mashine na kusaini, gari ya mwisho imeshaondoka. Ndiyo maana walikuwa wakitoka nusu ya kipindi, kimyakimya, mmojammoja. Kwenye ripoti za miaka miwili tulikuwa tumeandika kwamba wasichana wa hapa, kwa sababu za kitamaduni, hawavutiwi na kazi za karakana. Kipindi kikahamishiwa asubuhi ya Jumanne, na wiki iliyofuata ilibidi tutafute miwani mingine minne ya kukingia macho.